Printa ya Madamu Dzigbordi

"Hii imeshakufa, Mama," alisema Courage, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika kitu cha kumchafua. "Tena imekufa zamani. Mnaisumbua maiti bure."

Madamu Dzigbordi Amenuvor, karani wa Shule ya Ufundi ya Kpodzi kwa miaka ishirini na tisa, alisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kumfuata mtu mpaka getini. Fundi aliyekuja kutibu kompyuta kwa kuipiga makofi ubavuni alikuwa na jibu lake tayari, na lilikuwa limetosha.

Courage alikuwa na kila kitu cha fundi isipokuwa ufundi. Alikuwa na begi lenye mifuko kumi na minane, tochi ya kuvaa kichwani ambayo aliivaa mchana kweupe, na shati lililoandikwa INJINIA mgongoni, ili wanaomwona akiondoka wajue ni nani aliyewaharibia. Kwa muda wa saa nzima asubuhi ile alikuwa amewasha kompyuta, akaizima, akaiwasha, akaizima, akachomoa waya wa printa na kuurudisha palepale ulipokuwa. Sasa alikuwa ametoa hukumu.

Mkuu wa shule, Bwana Prosper Dogbatse, alikuwa kwenye kiti cha wageni akimwangalia fundi mikono. Pale mjini Ho, mashariki mwa Ghana, hakuna anayemwacha fundi peke yake na kompyuta. Nenda haja ndogo tu, ukirudi kifaa kizima kimetoka na kibovu kimeingia, na fundi anakuapia kwa mama yake mzazi kwamba alikikuta hivyohivyo. Basi watu wamejifunza kukaa na kukodoa macho. Fundi akiongeza kitu, mteja anafurahi. Akitoa kitu, hata kama ni takataka, mteja anapiga kelele za mwizi. Mafundi nao si wajinga katika hilo: wanaongeza, wanaongeza, hawatoi. Ndiyo maana kompyuta za mji ule hufa zikiwa zimeshiba.

Hii ya Madamu Dzigbordi ilikuwa imelishwa na mafundi wawili. Ilikuwa mashine nzee kweli, sanduku la rangi ya maziwa yaliyoharibika, lakini kwa miaka kumi ilifanya alichoiambia na haikuwahi kumjibu vibaya. Pembeni yake ilikaa printa ya sindano, ile inayokwaruza kama kuku anayechakura. Shule haikuweza kuiacha printa hiyo, kwa sababu ripoti za wanafunzi zilichapwa kwenye karatasi ya tabaka tatu, nyeupe, njano na ya waridi, na ni sindano tu zinazopiga kwa nguvu hadi tabaka la tatu. Hizi printa za kisasa zinapaka wino juujuu kama wanja.

Wiki tatu nyuma, Mkuu alitaka wimbo wa shule usikike kutoka dirishani mwa ofisi wakati wa mstari wa asubuhi. Akamleta fundi wa kwanza, kijana aliyeitwa Wisdom, na Wisdom akapachika ndani ya kompyuta kadi ya sauti aliyoing'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Wimbo ulisikika siku mbili. Tangu hapo printa ikawa inaanza mstari na kusimama katikati, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Madamu Dzigbordi alijua tatizo siku hiyohiyo. Mashine ilipokuja shuleni alipelekwa Accra kwa mafunzo ya wiki mbili, na kila neno la mkufunzi aliliandika kwenye daftari lake kwa hati mkato, ile mikunjo na vistari vya makarani wa zamani ambavyo hakuna kijana wa leo anayeweza kuvisoma. Daftari lilisema kwamba ndani ya kompyuta za aina ile kila kifaa kina namba yake ya kupigia hodi. Printa ilipewa saba. Kadi ya Wisdom nayo ilikuja na saba yake. Ni sawa na kuwapa wanafunzi wawili namba moja kwenye daftari la mahudhurio: mwalimu akiita, wanaitika wote, au kila mmoja anamwachia mwenzake na hakuna anayeitika. Alimweleza Wisdom. Wisdom akamwambia, "Mama, haya mambo ni ya kiufundi kidogo," akaondoka na begi lake. Alimweleza Mkuu. Mkuu akamwambia asiiguse mashine mpaka aje fundi mwingine, na fundi mwingine ndiye huyu Courage.

Courage alikuwa amekuja Jumamosi iliyopita pia. Na yeye aliongeza.

Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya kufunga shule. Saa nne wazazi wangekuja kuchukua watoto na ripoti. Ripoti mia mbili na kumi na nne zilikuwa ndani ya kompyuta, na kwenye karatasi hapakuwa na hata moja. Jumatatu Mkuu alikuwa amemwita Madamu Dzigbordi ofisini kwake, akafunga mlango, akazungumza kwa ile sauti yake ya kupaka mafuta.

"Madamu, nisikufiche. Kuna maneno kwamba umri umekwenda na mambo ya kisasa yanakupita. Lakini mimi nakutetea. Ripoti zikitoka Ijumaa, unabaki kwenye kazi yako mpaka utimize sitini. Nakupa neno langu."

"Asante, Mkuu," alisema yeye. Alisema hata mara mbili.

Kazi ikienda, nyumba inakwenda nayo. Karani alipewa nyumba ya shule nyuma ya bwalo, vyumba viwili vya chini visivyo na ngazi, na humo ndani alikuwemo dada yake Yawa, ambaye kiharusi kilimlaza upande mmoja miaka sita iliyopita. Kiti cha magurudumu cha Yawa kilipita kwenye milango ya nyumba ile, na Madamu Dzigbordi alikwishazunguka vya kutosha kujua kwamba hakikupita kwenye milango ya vyumba vya kupanga mjini. Jumatatu jioni alimwambia Yawa juu ya neno la Mkuu, wakala ugali wao wa akple kwa supu ya bamia, na Yawa alilia kwa furaha kwa jicho moja.

"Kwa hiyo imekufa?" Mkuu alimuuliza Courage.

"Labda tununue nyingine."

"Nilisema mimi. Nilisema siku nyingi, hapa panatakiwa vitu vya kisasa." Mkuu alilipenda sana neno hilo, kisasa. Mwenyewe alikuwa na kompyuta ya kukunja ofisini kwake, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na aliifunua pale tu mgeni alipotaka kuona picha za harusi yake. "Madamu, unaona? Fundi amesema."

"Amesema," alijibu Madamu Dzigbordi. Akafungua droo, akatoa bisibisi, akavua saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya meza. "Na sasa amemaliza. Courage, toka hapo nikae."

"Mama, utapigwa na umeme."

"Umeme una adabu. Unampiga asiyeujua."

Alichomoa waya wa ukutani, akafungua skrubu nne, akavuta kifuniko. Ndani palikuwa na vumbi la kupandia mihogo. Kadi ya Wisdom ilikuwa imepachikwa upande, na mahali pa skrubu fundi yule alikuwa ametia kipande cha kijiti cha kiberiti. Madamu Dzigbordi alikitazama kile kijiti kwa muda. Kumbe mtu anaweza kuitwa Wisdom, yaani Hekima, na wazazi wake, wakambatiza kabisa, mbele ya kasisi. Aliishika kadi kwa vidole viwili, akaivuta.

"Madamu!" Mkuu alisimama nusu. "Madamu, unatoa nini?"

"Takataka."

"Hicho ni kifaa cha shule! Kimeshaandikwa kwenye orodha ya mali! Huwezi kutoa kitu hivihivi."

"Basi kishike wewe kisipotee." Akamwekea mkononi.

"Ukitoa hiyo haiwaki tena," alisema Courage. "Mimi nimeshasema. Nisije nikalaumiwa."

Iliwaka. Ilichukua muda wake, ikakoroma, ikapiga mlio wake mmoja wa kizee, ikafunguka. Madamu Dzigbordi alikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya vifaa. Zile alama mbili za mshangao za njano, moja kwenye mlango wa printa na moja kwenye sauti, ambazo Courage alikuwa ameziona na kuziita mapambo, hazikuwepo tena. Akatuma ukurasa mmoja wa majaribio.

Printa ilikwaruza. Haikusimama katikati ya mstari. Ilikwenda mpaka mwisho, ikashuka, ikaendelea, na Madamu Dzigbordi akaanza kutumaini. Kisha akaona kilichokuwa kinatoka. Zilikuwa alama, mikia, vinyota, herufi zenye kofia, mstari baada ya mstari, halafu kurasa tatu tupu zikaruka nje kwa mfululizo.

Courage alicheka mpaka tochi ikamteremkia puani. "Kichina! Mama kachapa Kichina!"

Dirishani wazazi walikwishaanza kujazana, kina mama na vitenge vyao na kina baba wawili watatu, na mbele yao wote Togbe Adzrago, chifu mzee mwenye mwili, mwenyekiti wa bodi ya shule, aliyekuja kumchukua mjukuu wake wa kidato cha pili. Togbe aliegemea nondo za dirisha kama mwenye nyumba.

"Dzigbordi, vipi tena? Mjukuu wangu amefaulu, au amefaulu Kichina?"

Watu wakacheka. Madamu Dzigbordi hakucheka wala hakukasirika. Printa iliyokuwa inakwama na sasa inaropoka ni printa iliyopona ugonjwa mmoja na kubaki na wa pili, na wa pili aliuhisi ulikotoka. Alifungua ukurasa wa printa kwenye kompyuta. Palipaswa kuwa na printa moja. Zilikuwa mbili.

"Courage, hii ya pili ni ya nani?"

"Hiyo ni draiva mpya. Niliiweka Jumamosi." Courage alijinyoosha. Draiva ni ile programu ndogo inayoijulisha kompyuta lugha ya kifaa chake, na Courage alilitamka neno hilo kwa ulimi mzito kama mtu aliyelivumbua. "Nimeitoa mwenyewe kwenye mtandao. Ya kisasa."

"Ya printa gani?"

"Ya printa."

"Printa gani, Courage?"

"Mama, printa ni printa."

Madamu Dzigbordi aligeuka na kiti chake, akamtazama kutoka utosini hadi unyayoni, na kurudi tena juu taratibu.

"Na mke ni mke? Jioni ukitoka kazini unaingia nyumba yoyote tu?"

Dirisha zima lilipasuka kicheko. Mama mmoja alimpiga mwenzake bega. Hata Mkuu alianza kutabasamu, akakumbuka yuko upande gani, akaacha.

"Hukufuta ile ya zamani," aliendelea Madamu Dzigbordi, na sasa hakuwa anamwambia Courage, alikuwa anazungumza na kioo cha kompyuta. "Uliisimamisha tu ukaweka ya kwako juu yake. Kompyuta inaongea lugha ya printa nyingine, printa yangu haielewi kitu. Mtu angekuja kukuhubiria kwa Kirusi ungetoa vinyota pia." Akaichagua draiva ya Courage, akaifuta.

"Unafuta tena!" alilia Mkuu.

"Nafuta tena."

Akairudisha ile ya zamani kwenye nafasi yake ya kwanza. Akaiondolea kizuizi. Papo hapo kompyuta ikamuuliza kwa adabu: kuna kazi zinazosubiri kuchapwa, zichapwe sasa? Alikumbuka kwamba Jumatano ya wiki iliyopita alikuwa ametuma ripoti moja ya kidato cha kwanza, ikakwama. Akabonyeza ndiyo.

Printa ilianza. Safari hii ilikwaruza kwa ule mwendo wake wa miaka yote, kwenda na kurudi, na maneno yakatoka maneno, naye akayasoma kwa sauti. *Klutse, Edem. Kidato cha kwanza. Useremala: vizuri sana.* Dirishani wakapiga makofi. Mama yake Edem akapiga kigelegele chake peke yake, maana alikuwa amesikia jina la mwanawe likisomwa. Madamu Dzigbordi aliweka mkono juu ya kifuniko cha printa na kuuacha pale. Alikuwa ameweza. Vyumba viwili, milango mipana, dada yake. Alifurahi bila kujificha, na alimwangalia Courage akitaka aone.

Karatasi ya pili ilikuwa inapanda. Haikuwa ripoti. Ilikuwa barua, yenye kichwa cha shule.

*Kwa Bi. D. Amenuvor. Yah: Kustaafishwa kabla ya wakati. Kutokana na umri wako na kushindwa kwako kumudu vifaa vya kisasa, uongozi wa shule, kwa idhini ya Bodi, umeamua kukustaafisha. Utakabidhi ofisi pamoja na nyumba ya shule siku ya kufunga shule.* Chini palikuwa na jina la Prosper Dogbatse, na tarehe ya Alhamisi ya wiki iliyopita.

Alhamisi ile Madamu Dzigbordi alikuwa Kpando, kwenye mazishi ya mama yake mdogo. Kwa hiyo Mkuu alikuja akakaa kwenye kiti hiki, akachapa kwa vidole viwili, akabonyeza. Haikutoka. Akabonyeza tena, kwa maana watu wa aina yake huamini kwamba mashine ni mtumishi kiziwi, ukimrudia atasikia. Hakujua kwamba imesikia mara zote. Barua ya pili ilikuwa inapanda nyuma ya ile ya kwanza, na ya tatu nyuma ya ya pili.

Na Jumatatu, barua ikiwa tayari ina siku nne, alifunga mlango na kumpa neno lake. Alitaka ripoti tu. Jioni angemkabidhi barua.

Madamu Dzigbordi hakushangaa juu ya Mkuu. Alikuwa amemdharau tangu siku ya kwanza, na dharau ile sasa ilipata tu mahali pa kukaa. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Alikuwa amesema asante. Mara mbili. Alikwenda nyumbani akamwambia dada yake, na Yawa akalia kwa jicho lake moja zima kwa ajili ya neno la mtu huyu. Alijisikia mjinga, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijisikia mjinga ndani ya ofisi ile.

Barua ya nne ilipofika nusu, Mkuu aliisoma kutoka pale alipokuwa.

"Zima! Madamu, zima hiyo, imechanganyikiwa! Fundi!"

Courage alikuwa anafunga mifuko yake kumi na minane, mmoja mmoja, kwa haraka.

"Usiiguse," alisema Madamu Dzigbordi. "Imepona."

Zilitoka sita. Alingoja mpaka ya sita ikamalizika. Kisha akaikata ile ya kwanza kwenye vitobo vyake na kuyaachanisha matabaka bila haraka, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na tisa. Nyeupe aliikunja akaitia kwenye mkoba wake. Ya waridi aliitia kwenye sanduku la faili. Akasimama na ya njano, akaenda dirishani, akaipitisha katikati ya nondo.

"Togbe, barua ya bodi."

"Hiyo ni rasimu!" alisema Mkuu. "Togbe, hiyo ni rasimu tu, hata sijaisaini!"

Togbe Adzrago alivaa miwani. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena, na nyuma yake wazazi wakasogea karibu ili wasikie vizuri.

"Kwa idhini ya bodi," alisema. "Bodi ipi, Prosper?"

"Togbe, nilitaka tu..."

"Bodi ni mimi na wenzangu wanne. Tulikubali lini? Tulikuwa tumelala?" Togbe aliinua macho juu ya miwani, akamtazama Mkuu, akaitazama kadi ya sauti ambayo Mkuu alikuwa bado ameishika kifuani kama kitabu cha sala. "Eti ameshindwa vifaa vya kisasa. Nani? Huyu aliyekaa hapo akachapa, au wewe na huyo mwenye taa kichwani?"

Hapo Courage alipita mlangoni kwa ubavu, begi likamkwama, akalivuta, akaenda zake. Wazazi walimpisha kwa furaha.

"Jumatatu bodi inakaa," alisema Togbe, akiikunja barua mara mbili na kuitia ndani ya kitenge chake cha kichifu. "Utakuja kutueleza. Mpaka siku hiyo mtu asimguse mama huyu, wala nyumba yake. Dzigbordi, mjukuu wangu ni Adzrago Senyo, kidato cha pili. Nasubiri."

"Zinakuja kwa herufi, Togbe. A ni ya kwanza."

Alirudi kwenye kiti. Akaita faili la kidato cha pili na kulituma. Printa ilikwaruza mstari mmoja, ikasimama.

Mkuu alikuwa amemsogelea, ameinama juu ya meza, anazungumza kwa kunong'ona ili dirisha lisisikie.

"Madamu, haya tungeyamaliza mimi na wewe. Watu wazima. Ya nini kumpa Togbe?"

"Nyeupe ya mwenyewe, njano ya bodi, ya waridi ya faili," alisema Madamu Dzigbordi bila kumtazama. "Ndivyo inavyofanyika hapa, Mkuu. Ungemuuliza karani wako angekwambia. Sasa toa mguu, umekanyaga waya wa printa."